Mbwa Mwoga Aliyepokewa Nyumbani

Mbwa koko uliyemwokota njiani, aliyezoea mawe na fimbo, hajui bado kwamba mkono wako una chakula. Usimkazie macho, wala usimwinamie. Kwake hayo ni vitisho. Keti chini, umwelekezee ubavu, ukamtupie kipande cha nyama, ukanyamaze. Akipiga miayo bila usingizi, akilamba midomo, akificha mkia, ndiyo lugha yake ya kuomba nafasi. Basi rudi nyuma. Akijificha uvunguni, watoto wasimvute: mbwa aliyebanwa huuma, na watu husema ni mkali, kumbe ni hofu tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa isicheleweshwe. Wangu alikaa majuma matatu kabla hajanusa kiganja changu. Jioni ile sikumgusa.