Mke Asiyezaa na Haki Zake

Ijulikane ya kwamba utasa umetajwa katika Kurani, Sura ya Shura, aya ya 50, kuwa ni katika makadirio ya Mola, pasi na lawama. Na tamko la aya limewakusanya wanaume na wanawake. Hili la pili wengi hulipita upesi.

Mtu wa pwani akioa kwa Waluguru, katika Morogoro na milima yake, hukuta mtoto akihesabiwa ukoo wa mamaye, na ardhi ya ukoo ikishuka kwa upande huo. Mke asiyezaa huko hubeba mizigo miwili: mume humnung'unikia, na ukoo wake huliona tawi lake limekatika. Wenzake huitwa Mama Fulani. Yeye husalia na jina la utotoni. Hunywa mizizi ya mganga huyu na yule, hunywa na kombe, naye mume amekaa barazani kana kwamba jambo halimhusu. Kinachompoza moyo ni mtoto wa dada yake, kwani huyo ni wa ukoo wake, naye humwita mama. Faraja hii ina asili njema: Bibi Aisha hakuzaa, na alipomwambia Mtume (S.A.W.) ya kuwa wenzake wote wana kuniya, alimwamuru ajiite kwa Abdallah bin Zubeir, mtoto wa dada yake, akaitwa Ummu Abdillah.

Ama sharia, aibu za mke zinazompa mume khiari ya kuvunja ndoa katika madhehebu ya Imamu Shafii ni wazimu, ukoma, mbalanga na kuzibika tupu, utasa haumo. Anayedai kurudishiwa mahari kwa sababu hiyo hana haki. Akimwacha, ni talaka yake mwenyewe, na mahari yote ni ya mke aliyekwisha kuingiliwa. Na Hadithi inayohimiza kuoa mwenye kuzaa ni uongozi kwa anayetafuta mke, si upanga kwa aliyekwisha kuoa.

Kuoa mke wa pili ni halali kwa awezaye uadilifu. Lakini na apimwe kwanza yeye. Matabibu wamethibitisha ya kuwa mara nyingi sababu hupatikana kwa mume, au kwa wote wawili. Na Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 ya kuwa mtu 1 katika kila 6 hupatwa na shida hii maishani. Mwenye nguvu za kiume aweza kukosa mbegu. Hanithi na tasa ni watu wawili mbalimbali, hata katika vitabu vya fikihi. Na kupimwa mbegu hospitalini ni kwepesi kuliko vipimo vya mke. Asiyepimwa akaongeza mke, huenda akawa na wanawake wawili wanaolia badala ya mmoja.

Mume akifa hana mtoto, wala mjukuu kwa mwanawe mwanamume, mke ana robo ya mali. Akiwa ameacha mtoto kwa mke mwingine, wajane hushirikiana thumni. Hakuna mahali mjane anapoulizwa kama amezaa. Ndugu wa marehemu wanaomtoa nyumbani mikono mitupu kwa hoja hiyo hula fungu alilopewa katika Sura ya Nisaa, aya ya 12.