Usiichomeke Hiyo Redio Bado

Mdogo wangu wa Tanga, ujumbe wako nimeusoma jikoni na wali ukaungua kidogo. Unasema marehemu mjomba amekuachia Kenwood TS-520 aliyokuwa akizungumzia na watu wa mbali, imelala stoo miaka na miaka, na Jumamosi unataka kuichomeka uone kama inawaka. Hapo ndipo mwiko uliponidondoka.

Usiichomeke. Hiyo ni redio ya miaka ya 1970. Ndani ina kapasita za kopo, na kapasita zile zikikaa muda mrefu bila umeme hukauka. Ukizipiga volti 230 kwa mkupuo, moja ikifa vibaya inaweza kuondoka na transfoma, na transfoma ya redio hiyo hutaiokota Kariakoo. Kapasita ni vijisenti. Tena chungulia nyuma kwanza: kama imepangwa kwa volti 120 za Marekani, hata kapasita nzima hazitakuokoa.

Sasa fundi. Kijana wa simu pale stendi, hata awe na mkono wa dhahabu, si wa kazi hii. Tafuta mzee aliyetengeneza TV za chogo. Muulize swali moja tu: utaiwashaje mara ya kwanza? Akisema ataipitishia umeme kwenye balbu ya wati 100, ile ya uzi, iliyofungwa kwa mfuatano, vuta kiti ukae. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, na redio haijaungua. Akisema "tuchomeke tuone", mshukuru, beba mzigo wako.

Kuna swichi mbele imeandikwa HEATER, ya kupasha moto valvu. Iwe imezimwa. Redio hii ina valvu tatu tu, zote za kurushia sauti. Upande wa kusikiliza ni transista, kwa hiyo utasikia bila kuzigusa valvu. Na mikono yako iwe mbali na kona ya valvu, mpenzi. Kule kunapita zaidi ya volti 600, na umeme huo hubaki kwenye kapasita hata plagi ukiwa umeishika mkononi.

Swichi zikikwaruza ni unyevu wa bahari; dawa ya kusafishia kontakti inatosha. Mafuta ya bawaba waachie wenye milango.

Halafu zile skrubu ndogo kwenye vikopo vya koili. Zinaonekana kama zimelegea. Hazijalegea! Mimi nilizikaza zote, nikiwa na umri wako, kwa nia njema kabisa, nikaipa redio ya watu ukiziwi wa miezi minne. Fundi akizisogelea bila vipimo na mchoro wa saketi, mzuie. Mchoro unapatikana intaneti. Uchapishe, uende nao.

Kurusha sauti kusubiri. Kwanza leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pili mzigo bandia wa omu 50 mahali pa antena, kwa sababu kurusha bila kitu kule nyuma ndiko kunakoua valvu.

Ikishapona, subiri giza liingie, tundika waya mrefu mwembeni, zungusha hadi masafa ya mita 40. Ukisikia mtu anagonga Morse, niandikie. Wali nitaupika mapema.