Bwawa la maji likizeeka

Wengi wenu mmepita Jinja mkaliona bwawa la Nalubaale, ambalo zamani liliitwa Owen Falls. Lilifunguliwa mwaka 1954. Ni la zege na lina mainjinia wake, lakini nalo limezeeka: saruji iliathiriana na mawe yaliyomo, zege likavimba polepole, na jengo la mitambo likapata nyufa. Je, bwawa dogo la udongo lisilo na mlinzi?

Kwanza, miti. Mti juu ya tuta huleta kivuli kizuri, lakini mizizi yake ikioza huacha mashimo, na maji huyafuata. Ng'oeni miche ikiwa midogo. Mti uliokomaa msiung'oe. Mwiteni kwanza fundi wa maji. Majani mafupi yaacheni, ndiyo yanayoshika udongo. Mashimo ya panya yazibwe, na ng'ombe wasipite juu ya tuta.

Kila wiki nendeni nyuma ya tuta, upande usio na maji. Mkiona maji safi yanachuruzika kidogo, chomekeni kijiti kiwe alama, mwangalie kama yanaongezeka. Yakitoka na tope, hilo ni jambo lingine kabisa: tuta linaliwa kwa ndani. Wanaokaa chini ya bwawa wahame saa hiyo hiyo, na ofisi ijulishwe. Huko Solai, Kenya, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba lilipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40.

Njia ya kutolea maji ya ziada isafishwe kabla ya mvua. Watu hupenda kuiziba ili bwawa lijae zaidi. Ni hatari sana, kwa sababu maji yakipita juu ya tuta la udongo hulikata. Kule Mbale mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, watu zaidi ya 20 wakafa, na mabomba ya maji ya mji yakavunjika.

Bwawa lililojaa tope hutoa maji machafu, na klorini haifanyi kazi vizuri ndani ya tope. Yaacheni maji yatulie, yachujeni kwa kitambaa safi, ndipo mtie dawa au myachemshe. Majani ya majini yakizidi kando, konokono wa kichocho hupata makao. Watoto wasiogelee humo. Anayeona damu kwenye mkojo au choo aje kliniki apimwe. Kichocho hutibiwa kwa vidonge.