Tovuti ya kitalu chako ipokee hela vipi, na miche itoke lini

Mvua zikikaribia simu yangu haipumziki, na siku hizi siulizwi mbolea tu. "Bwana shamba, nimeshatengenezewa tovuti ya kitalu, nataka wateja walipie humo humo, naanzia wapi?" Nimejibu mmoja mmoja njiani mpaka nimechoka, acha niandike.

Kwanza, kama wateja wako ni wa hapa Igowole, Kibao na Mafinga, na kwa wiki unapata oda tano, huhitaji kuunganisha chochote. Chukua Lipa Namba, iandike kwenye tovuti pamoja na jina litakalotokea mteja anapolipa. Inatosha kabisa, usiingie gharama kwa sifa.

Shida inaanza oda zikizidi. Mteja wa Dodoma kalipa 500,000 saa nne usiku. Wa Songea naye kalipa 500,000 asubuhi, lakini kwa laini ya shemeji yake. Wewe unatakiwa kupakia parachichi kwenye gari litakalopita Nyololo saa mbili. Nani kalipa? Hapa ndipo malipo ya ndani ya tovuti yana maana: kila oda ina namba yake, na hela inaingia ikiwa imebeba namba hiyo. Ni kama kontrol namba ya serikali.

Kazi hiyo kwa hapa nchini inafanywa na kampuni za kati kama Selcom, AzamPay, Pesapal na ClickPesa. Unaingia mkataba na kampuni moja badala ya kuzunguka kila mtandao wa simu. Yoyote utakayochagua, hakikisha ina leseni ya Benki Kuu, maana Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2015 inataka hivyo. Andaa usajili wa BRELA, TIN, leseni ya biashara, kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki. Jina liwe moja kwenye karatasi zote. Ukisajili "Kitalu" huku benki ikisoma jina lako la ubatizo, utasubiri sana.

Uliza makato kabla ya kusaini, na uliza hela inakaa siku ngapi kabla ya kufika benki. Tuseme mche ni 5,000 na makato ni asilimia 3. Oda ya miche 200 ni 1,000,000, wewe unabaki na 970,000. Kama bei yako haina nafasi ya hiyo 30,000, umemfanyia kazi mtu mwingine.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo miche inapopotea. Mteja anajaza oda na namba ya simu. Tovuti inatuma ombi kwa kampuni ya malipo, kampuni inasukuma ujumbe kwenye simu ya mteja, naye anaweka namba ya siri kwenye simu yake mwenyewe. (Tovuti yako isiulize namba ya siri ya mtu, hata siku moja.) Baada ya hapo kampuni inapeleka taarifa moja kwa moja kwenye mtambo wa tovuti yako: oda fulani, kiasi fulani, imefanikiwa au imekataa.

Taarifa hiyo pekee ndiyo ruhusa ya kupakia. Ukurasa wa "asante kwa kulipa" si ruhusa, kwa sababu mtu anaweza kuufungua bila kulipa kama fundi hakuwa makini. Meseji aliyokutumia mteja kwa WhatsApp si ruhusa pia, maana matapeli wanazitengeneza zikafanana na za kweli hadi nukta.

Mwambie fundi tovuti ikipokea taarifa iirudie kampuni na kuuliza, "Ni kweli ninyi?" Halafu ilinganishe namba ya oda na kiasi. Mtu akilipa 5,000 kwenye oda ya 1,000,000, ikatae. Na taarifa ile ile ikija mara mbili, inatokea mtandao ukisuasua, ihesabiwe mara moja, usije ukapakia mizigo miwili.

Zile funguo za siri ambazo kampuni inakupa, fundi aziweke kwenye mtambo, zisionekane kwenye ukurasa. Akimaliza kazi, ingia mwenyewe ubadilishe. Akaunti iwe kwa barua pepe yako, si yake.

Anzeni na mazingira ya majaribio, kisha lipa 1,000 halisi kwa laini yako, ya Voda, ya Airtel na ya Halotel. Jaribu pia kukataa kuweka namba ya siri uone oda inakaaje. Ikisoma "imelipwa", mrudishie fundi kazi.

Na hesabu ya miche iunganishwe na oda. Miche iliyobebeshwa haishonwi usiku mmoja kama suruali. Ukiuza 3,000 ukiwa na 2,200, kurudisha hela kunachukua siku, na mteja keshachimba mashimo. Kama miche bado midogo, pokea malipo ya awali na uandike wazi mwezi wa kuichukua.

Mwenye tovuti tayari aje ofisini na namba ya oda yake ya majaribio, tutafuatilia pamoja ilikopita.