Jua haki zako: Shika karatasi kabla ya shoka

Swali: *Baba alituachia kichaka cha miti ya asili juu ya shamba, nasi tukapanda mikaratusi pembeni. Tunataka kukitunza hadi wajukuu. Je, ni mali yetu? Tukate bila kuuliza? Kijiji kikisema eneo halitumiki je?*

Maswali ya namna hii ni ya kawaida katika vijiji vya Mbulu na Hanang. Ndiyo, msitu huo unaweza kuwa wenu kisheria. Lakini mti unaishi miaka mingi kuliko mashahidi wa mpaka. Mwenye msitu wa miaka 40 anahitaji ushahidi utakaodumu miaka hiyo hiyo.

Sheria inawatambua

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inagawa misitu katika makundi manne: ya hifadhi ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Msitu uliopo kwenye ardhi ya kijiji mnayoimiliki kimila umo katika kundi la nne. Sheria haidai muwe kampuni.

Ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mnachomiliki ni haki ya kuikalia na kuitumia. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, haki ya kimila ya mwanakijiji aliye raia inaweza kuwa ya muda usio na kikomo. Hilo ni jambo jema kwa mtu anayepanda miti ambayo huenda asiivune yeye.

Kesi mbili za kwetu

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw, Hanang, pamoja na wanakijiji kadhaa, waliishtaki NAFCO, shirika la umma lililokuwa likilima ngano, kwa kuchukua ardhi yao. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliupindua: kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile, na wanakijiji hawakuthibitisha haki yao ya kimila. Walishindwa kwenye ushahidi.

Kesi ya pili ilitoka Kambi ya Simba, iliyokuwa katika wilaya ya Mbulu wakati huo. Katika rufaa ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe, Rufaa ya Madai Na. 31 ya mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilisema haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Ilisema pia kwamba jasho la mtu juu ya ardhi linastahili fidia hata pasipo jengo. Leo sheria inataja miti waziwazi kuwa sehemu ya maendelezo ya ardhi. Serikali ikitwaa eneo lenu, daini fidia kamili, ya haki na ya haraka, na miti ihesabiwe.

"Hapa hapatumiki"

Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu ardhi ya kimila itangazwe kuwa imetelekezwa ikiwa haijakaliwa wala kutumiwa kwa miaka isiyopungua mitano. Kichaka kisicho na jembe wala zizi ni rahisi kusemewa hivyo. Kinga yenu ni hii:

1. Angalieni mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Kama eneo lenu limeandikwa kilimo au malisho, pelekeni hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji mapema.
2. Ombeni Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa halmashauri ya kijiji, na mtaje kwamba matumizi ni kutunza msitu. Halmashauri inatakiwa kuamua ndani ya siku 90. Hati husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, nanyi wenyewe, kisha husainiwa na kusajiliwa na Afisa Ardhi wa Wilaya.
3. Pimeni mpaka majirani wote wakiwepo, nao wasaini. Mnaopakana na hifadhi kama Nou au Hanang, hakikisheni mnajua vigingi vya serikali vilipo.
4. Wekeni daftari la msitu: ramani ya mkono, aina za miti, mwaka wa kupanda, mlichopunguza, mlichouza. Hifadhini stakabadhi za miche. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha kwamba eneo linatumika.

Kukata mti wenu

Kuwa na ardhi hakuwapi ruhusa ya kukata kila mti. Kuna miti ya asili iliyotangazwa kuhifadhiwa. Hiyo inahitaji kibali hata ikiwa uani kwenu. Muulizeni Afisa Misitu wa wilaya au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kabla ya kunoa shoka. Mti mliopanda wenyewe una masharti mepesi zaidi, lakini mbao zikiondoka zinahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Pateni barua ya mtendaji wa kijiji inayoonyesha miti imetoka wapi. Malipo yoyote yafanyike kwa namba ya malipo ya serikali, nanyi mchukue stakabadhi.

Kumbukeni pia mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza humo shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu eneo hilo. Msikate miti ya hapo ili mpanue shamba.

Kuuza miti iliyosimama

Andikeni mkataba. Useme mnauza miti tu, si ardhi. Utaje idadi ya miti au eneo. Na tarehe ya mwisho ya kuvuna. Mkaratusi ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki, kwa hiyo andikeni maotea ni ya nani. Pasipo sentensi hiyo, mnunuzi anaweza kurudi miaka michache baadaye akidai nguzo zake. Wakija watu wa biashara ya hewa ukaa, waulizeni kama mradi umesajiliwa kwa Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kilichoko SUA, Morogoro, na msisaini mkataba wa miaka mingi siku ile ile.

Mirathi na migogoro

Mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili chini ya Sheria ile ile ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mke na mume waandikwe wote kwenye hati, na binti asiachwe nje ya mirathi.

Mgogoro ukizuka, anzeni na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 wakiwemo wanawake 3. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa, au siku 30 zikipita, nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msichelewe: madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Mkikwama, mtafuteni msaidizi wa kisheria aliye karibu. Huduma yake ni bure.