Askari wa Mwili Wanavyokufa

Swali hili tumelisikia katika vikundi vingi: "Huyu mama anameza dawa na ni mzima kabisa, hata jembe anashika. Mbona asipumzike kidogo na hizo tembe?" Tulikuwa tukijibu haraka haraka, tukaona hatueleweki. Leo tuanzie mbali kidogo.

Chembechembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Askari hao hawaishi siku zote, na ni vizuri wasiishi. Homa ikiingia, wanazaana kwa wingi. Homa ikiisha, wengi hujiua wenyewe kwa utaratibu: chembe hujikunja, hukatika vipande, na chembe nyingine humeza mabaki bila fujo. Wachache hubaki kumkumbuka adui. Kifo hicho wataalamu walikipa jina apoptosi mwaka 1972. Askari wasiokufa wakati wao ukifika wanaweza kuugeukia mwili wenyewe.

Sasa tuje kwa virusi vya ukimwi. Sisi wenyewe tulizoea kufundisha kwamba virusi huingia ndani ya askari aitwaye CD4, huzaana humo, na kumuua. Ni kweli, lakini si yote. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2014 ulichunguza tezi za koo katika maabara. Kati ya CD4 100 zilizokufa, zaidi ya 95 zilikuwa zile ambazo virusi viliingia vikashindwa kuzaana. Chembe ilimhisi mgeni ikajilipua! Na hapo hakuna utaratibu: yaliyomo humwagika, mahali huvimba, askari wengine hukimbilia hapo, nao hufa. Ni kama nyumba ya makuti ikiwaka, majirani waliokuja kuzima wakashika moto.

Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 kama 500 hadi 1,500 katika kipimo kidogo cha damu. Zikishuka chini ya 200, kifua kikuu na magonjwa mengine hupata mlango.

Dawa hazifufui askari waliokufa. Huzuia virusi kuzaana, moto ukakosa kuni, na mwili ukapata nafasi ya kuzaa askari wapya. Lakini virusi vingine hubaki vimejificha. Mama yule akiacha tembe, kwa kawaida huamka baada ya wiki chache tu, hata kama bado anajisikia mzima.

Ya kujadili: Katika kikundi chenu, nani angejua mapema kwamba mwenzenu ameacha dawa? Angemwambia nini bila kumwaibisha?