Kulipwa kwa Kutangaza Bidhaa Mtandaoni: Kijana wa Mtongwe Aanzie Wapi?



Katika vikundi vya vijana tunavyovitembelea hapa Mtongwe na Likoni, kuna swali linalorudi kila mara siku hizi: "Hawa wanaolipwa kwa kutia video za bidhaa mtandaoni, wanaanzaje?" Zamani kijana akimaliza shule aliangalia upande wa bandarini, hoteli za Diani, au juakali. Sasa ana simu mkononi, na anaona wenzake wakilipwa kwa simu hiyo hiyo. Wazazi nao wanatuuliza: je, hii ni kazi au ni mchezo?

Jibu letu ni kwamba ni kazi. Lakini ina mahesabu yake, ina sheria zake, na ina mitego yake. Somo hili lisomwe kikundini polepole, sehemu baada ya sehemu.

1. KAZI YENYEWE NI NINI?

Kuna njia tatu, na watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni kutangaza bidhaa kwenye ukurasa wako mwenyewe. Mwenye bidhaa anakulipa ili wafuasi wako waione. Ziko kampuni zinazounganisha watu na kazi za namna hii, kama Wowzi ya Nairobi, ambazo hugawa tangazo moja kwa watu wengi wa kawaida, hata wenye wafuasi wachache.

Ya pili ni kutengeneza video au picha na kumkabidhi mwenye biashara, naye anaiweka kwenye ukurasa wake. Hapa huulizwi una wafuasi wangapi. Unaulizwa kama kazi yako ni safi.

Ya tatu ni kulipwa na mtandao wenyewe. YouTube, kwa mfano, ili ikugawie pesa za matangazo yake, inataka uwe na wafuasi 1,000 na video zako ziwe zimetazamwa saa 4,000 katika miezi 12, au video zako fupi ziwe zimetazamwa mara milioni 10 kwa siku 90. Hiyo ni safari ndefu.

Kwa anayeanza, njia ya pili ndiyo mlango ulio karibu. Somo letu litakaa hapo zaidi.

2. UNAUZA NINI HASA?

Wengi hudhani kinachouzwa ni video. La, si video tu. Mwenye kiwanda anaweza kununua redio, televisheni na mabango ya barabarani. Kwa nini basi amtafute kijana wa Mtongwe? Ni kwa sababu mama wa nyumba ya pili akimwona anasema, "Kama yule mtoto wetu anaisifu sabuni hii, basi ni nzuri." Kinachonunuliwa ni ile imani ya majirani.

Imani hiyo ni kama sanduku la chama. Wengi wamechangia, wewe umepewa ufunguo. Ukitoa kidogo kwa hesabu, chama kinaendelea. Ukilimwaga lote kwa siku moja, hakuna atakayechanga tena. Kwa hiyo kila tunachosema hapa chini kinarudi kwenye jambo hili: imani ya watu iwekee bei, mapatano yaandike, na kuna wanunuzi usiowauzia kabisa.

3. HATUA ZA KUANZA

(a) Chagua jambo moja unalolijua. Kama ni mapishi, basi mahamri na mbaazi au viazi karai. Kama ni hina na piko, kushona madera, uvuvi au ufundi wa pikipiki, kaa hapo hapo. Anayesifu kila kitu haaminiki kwa chochote.

(b) Tengeneza video tano za mfano kabla hujamwomba mtu kazi. Tumia vitu vilivyomo nyumbani. Piga asubuhi au karibu na dirisha, kwa sababu mwangaza wa jua ni bure. Sauti isikike vizuri. Feni na redio zizimwe. Onyesha jambo lenyewe mapema, maana mtazamaji hana subira.

(c) Anza na biashara za karibu: saluni, duka la vitambaa, fundi, mama wa chakula. Nenda na video zako kwenye simu, mwonyeshe. Usimwambie "nisaidie". Mwambie, "Nimeona una bidhaa nzuri na watu hawaijui. Nikikutengenezea video mbili, bei yangu ni hii."

(d) Angalia unapoelekeza kamera. Kambi ya jeshi la wanamaji iko hapa kwetu, na si mandhari ya video. Sura za watu nazo zina wenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mtu kabla ya kuitumia picha yake kibiashara, na kwa mtoto idhini ya mzazi au mlezi. Mnamo Septemba 2023 ofisi inayosimamia sheria hiyo ilitoza ukumbi mmoja wa starehe wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Ukumbi wenyewe ulitaka kujitangaza tu.

(e) Kina dada, na kina kaka pia: mkutano wa kwanza na mtu msiyemjua uwe mchana, mahali pa wazi, na mwende wawili. Mteja wa kweli hatachukia jambo hilo.

4. KUPANGA BEI

Hapa ndipo vijana wetu wanapoumia. Mtu anaulizwa "bei gani?" na anajibu "nipe chochote". Chochote ndicho atakachopewa.

Tufanye hesabu ya mfano. Video moja ya dakika moja: kuzungumza na mteja saa 1, kupiga saa 3, kuhariri saa 4. Jumla saa 8. Tuseme umejipangia shilingi 150 kwa saa, hiyo ni 1,200. Nauli 200. Bando 200. Uchakavu wa simu 100. Jumla ni shilingi 1,700. Hizi ni tarakimu za mfano tu, weka zako. Lakini ukishazijua, utaona kwamba aliyekuambia "nitakupa mia tano" anataka wewe ndiye umlipe.

Juu ya gharama hiyo kuna mambo matatu ya kuongezea bei:

- Muda wa kutumika. Video ya kutumiwa mwezi mmoja haiwezi kuwa bei moja na ya mwaka mzima.
- Kufungwa mkono. Mteja akisema usitangaze bidhaa ya mshindani wake kwa miezi mitatu, hiyo ni miezi mitatu ya riziki. Ailipie.
- Marekebisho. Sema mapema kwamba utarekebisha mara mbili. Ya tatu ina bei yake.

Kulipwa kwa bidhaa, kwa mfano kupewa sabuni katoni moja, si vibaya mwanzoni, mradi ni kitu ambacho ungekinunua. Lakini nauli hailipwi kwa sabuni.

5. MAPATANO YAANDIKWE

Usiogope neno mkataba. Hata ujumbe wa WhatsApp wenye maneno kamili, naye akajibu "nimekubali", ni bora kuliko kupeana mikono. Uwe na mambo haya: kazi ni ipi na ni video ngapi, siku ya kukabidhi, bei, malipo ya kwanza (tunashauri nusu kabla ya kuanza) na siku ya kumaliza, video itatumika wapi na kwa muda gani, na haki ya kazi ni ya nani.

Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi uliyoagizwa kutengeneza inahesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Maana yake, ukinyamaza umeshampa. Akiitumia miaka kumi kwenye mabango, huna la kudai. Kwa hiyo andika sentensi moja tu: "Haki ya video inabaki kwangu, nawe unaruhusiwa kuitumia kwa miezi sita." Sentensi hiyo haigharimu kitu.

Na asipolipa? Iko Mahakama ya Madai Madogo, na Mombasa tunayo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kumaliza kesi kwa siku 60, na unaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Lakini itakuuliza: ushahidi uko wapi? Ndiyo maana tunasema hifadhi ujumbe wote, usifute.

6. PESA NA KODI

Weka daftari. Ukurasa mmoja wa zilizoingia, mmoja wa zilizotoka. Ukiweza, pesa za kazi zisikae pamoja na za matumizi ya nyumbani.

Tangu Julai 2023, kampuni inayomlipa mkazi wa Kenya kwa maudhui ya mtandaoni inatakiwa kukata asilimia 5 na kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Usidhani umeibiwa, ila dai cheti cha makato hayo. Kisha kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Juni, peleka ripoti yako ya mapato kwa PIN yako. Ikiwa mapato yako yote ya mwaka hayazidi shilingi 288,000, ule msamaha wa kodi wa kila mtu hufuta kodi yako yote, na uliyokatwa unaweza kuiomba irudi. Usipopeleka ripoti, faini ni shilingi 2,000 kwenda juu.

7. KAZI ZA KUKATAA

Tumesema kuna wanunuzi usiowauzia. Ni hawa.

Anayedai ada ya kujiandikisha kabla hajakupa kazi. Mwajiri hutoa pesa, haombi.

Anayetaka utangaze mafuta ya kung'arisha ngozi usiyojua yana nini. Yenye zebaki au haidrokwinoni yamepigwa marufuku nchini.

Anayetaka utangaze kamari. Mwezi wa Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na miongozo iliyofuata ikakataza watu mashuhuri na watengenezaji maudhui kuinadi.

Anayekulipa umtukane mtu. Mwaka 2021 shirika la Mozilla lilichapisha uchunguzi ulioonyesha vijana wa Kenya wakilipwa dola 10 hadi 15 kuendesha kampeni za uongo kwenye Twitter dhidi ya majaji na wanaharakati. Ni kama shilingi elfu moja na kitu, kwa jina la mtu mzima.

Na wa mwisho, ambaye Pwani yetu inamjua zaidi: anayetaka utangaze kazi za ng'ambo. Mwaka 2024 shirika la habari la Associated Press lilifichua jinsi wasichana wa Kiafrika wa miaka 18 hadi 22, wakiwemo wa Uganda na Kenya, walivyoahidiwa kazi na masomo huko Urusi, wakajikuta wakiunda ndege za vita zisizo na rubani katika eneo la Alabuga. Mpango huo ulinadiwa mitandaoni, na watengenezaji maudhui walilipwa kuusifu. Mwaka 2025 baadhi yao huko Afrika Kusini walifuta video zao na kuomba radhi baada ya serikali kutoa onyo. Video inafutika. Msichana aliyekwishapanda ndege harudi kwa kufuta video. Ukiletewa tangazo la kazi ya Ghuba au kwingineko, kwanza angalia kama wakala huyo yumo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hayumo? Usimtangaze, hata akipandisha bei mara tatu.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni bidhaa gani ulinunua kwa sababu mtu unayemwamini aliisifu? Ilikuwaje?
2. Kila mmoja afanye hesabu ya video moja: saa, nauli, bando. Bei yako ya chini kabisa ni ngapi?
3. Andikeni pamoja mapatano ya maneno yasiyozidi 60 kati yenu na mwenye saluni.
4. Mtu analeta shilingi 10,000 utangaze kazi za ng'ambo, na nyumbani kodi ya nyumba imechelewa. Mtamjibu nini? Na kikundi kitamsaidiaje mwenzetu aliyekataa?

Tukikutana tena, kila kikundi kilete majibu ya swali la nne yakiwa yameandikwa. Hilo ndilo tutakaloanza nalo.